Mali ya Nani? Semantiki ya Kauli Mbiu za Uhifadhi wa Misitu katika Tabora na Njia ya Kale ya Misafara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya kampeni za umma zilizokusudia kubadili mwenendo wa watu kuhusu misitu katika Tabora na maeneo yaliyopitiwa na njia ya kale ya misafara. Kauli mbiu "Misitu ni Mali" inalinganishwa na "Mtu ni Afya", "Kata mti, panda mti" na "Kisiki Hai". Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa kauli ya kwanza haumo katika kitenzi kishirikishi "ni", kama inavyoweza kudhaniwa, bali umo katika nomino "mali", ambayo kwa Kiswahili hudai mmiliki, na ambayo katika historia ya ukanda huu imetaja kitu kinachofungwa mzigo na kuondoka.

Utangulizi

Kauli mbiu ni miongoni mwa matini fupi kabisa zinazotungwa kwa Kiswahili, na pengine ndiyo inayowafikia watu wengi kuliko matini nyingine yoyote. Hubandikwa katika zahanati, huchapwa kwenye khanga na fulana, na hurudiwa redioni mpaka watoto waikariri. Hata hivyo, uhakiki wa Kiswahili umeiacha mikononi mwa wataalamu wa mawasiliano ya maendeleo, ambao kwa kawaida huuliza kama ujumbe ulifika, wala si ujumbe ulisema nini. Swali hili la pili ni la mwanaisimu na la mhakiki, na makala haya yanalichukua kama lao.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania iliendesha mfululizo wa kampeni za redio zilizosikilizwa kwa vikundi. Majina yake yanajulikana: Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako, Wakati wa Furaha, Mtu ni Afya, Chakula ni Uhai na Misitu ni Mali. Ukiondoa Wakati wa Furaha ya 1971, iliyofungamana na maadhimisho ya miaka 10 ya Uhuru, majina yote haya ni sentensi kamili zilizojengwa kwa kitenzi kishirikishi "ni". Muundo huu haubebi njeo wala nafsi, na mtenda hatajwi ndani yake. Unapatikana kwa wingi katika methali na katika vitendawili vilivyokwisha kuteguliwa, nako ndiko kauli mbiu inakoazima sauti yake ya uzee na ya uhakika. Anayesema kwamba kitu fulani ni kitu fulani hamwagizi mtu jambo. Anaufasili ulimwengu, kisha anamwachia msikilizaji aamue mwenyewe kinachompasa kutenda.

Kwa mtazamo wa nadharia ya matendo-usemi, basi, kauli hizi ni maagizo yaliyovishwa vazi la maelezo. "Misitu ni Mali" haisemi "usikate". Inatarajia msikilizaji apige hatua mbili peke yake: kwanza akubali kwamba msitu ni mali, kisha akumbuke kwamba mali hutunzwa. Hatua ya kwanza ni nyepesi. Hatua ya pili inategemea kabisa maana ya neno "mali" katika kichwa cha huyo anayesikiliza, na hapo ndipo Tabora inapokuwa mahali pa kufaa pa kuijaribia kauli hii. Mkoa huu umo ndani ya miombo, yaani misitu ya mitundu, miyombo na mininga, na ndio ambao kwa miongo mingi umeongoza nchini kwa tumbaku, zao ambalo aina yake ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa moto wa kuni.

Mali inayobebwa

Katika karne ya 19, Unyanyembe palikuwa njiapanda ya biashara ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikapumzika Tabora, kisha ikagawanyika: mingine kuelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, mingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Kiswahili kilichozungumzwa njiani kilikuwa mali yao kama kilivyokuwa cha wafanyabiashara wa pwani. (Sentensi hii imelitumia neno lenyewe bila kukusudia mzaha, na inaonyesha lilivyo jepesi kuambatana na mmiliki.) Msamiati wa njia hiyo ungali hai, ingawa umehama nyumba. Hongo, ushuru uliotozwa misafara hasa Ugogo, sasa ni rushwa. Posho, chakula cha mpagazi, sasa ni fedha anayolipwa mshiriki wa semina, zikiwemo semina za kuhifadhi misitu.

Neno "mali" katika Kiswahili hicho lilikuwa na maana iliyo wazi. Msomaji wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, matini iliyochapishwa kwa juhudi za Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, hukutana nalo mara kwa mara. Mali ni bidhaa zilizokopwa Unguja kwa matajiri kama Taria Topan: nguo, shanga, baruti. Mali ni pembe za ndovu zinazosubiri wapagazi. Mali huhesabiwa kwa frasila, hufungwa mizigo, huibwa na kurudishwa kwa vita. Mali isiyohama, katika masimulizi hayo, ni mali iliyokwama, nayo ni hasara. Tembo akiwa porini bado hajawa mali. Huwa mali pembe zake zinapowekwa begani.

Haidaiwi hapa kwamba mkulima wa Urambo wa miaka ya 1980 alikuwa amemsoma Tippu Tip. Linalodaiwa ni kwamba maana hii ya neno haikuwahi kukatika katika ukanda huu, kwa sababu shughuli zilizoilisha hazikukatika. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mali ilipanda behewa badala ya bega. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Urambo ulikuwa miongoni mwa vituo vitatu vya mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi ule ulipoporomoka, ardhi ya Urambo iliyokwisha kufyekwa ikaingia katika tumbaku. Magogo ya mninga yalisafirishwa kama mbao na asali ikasafirishwa kwa madebe. Tumbaku ilifungwa marobota. Kila kilichoitwa mali kilitoka msituni na kuondoka, na mtu aliyeambiwa kwamba misitu ni mali aliambiwa jambo alilolijua vyema kuliko mtangazaji.

Jambo la pili ni la kisarufi. Kwa Kiswahili, "mali" ina nafasi tupu pembeni yake inayodai kujazwa: mali ya baba, mali ya ushirika, mali ya umma. "Hii ni mali" haisikiki kama sentensi iliyokamilika, isipokuwa anayeitamka anaonyesha thamani kwa mshangao. Muundo "ni mali ya" umekuwa kwa hakika njia ya kawaida ya kueleza umiliki, kiasi kwamba kalamu ya senti chache nayo huweza kuwa mali ya mtu. Kauli mbiu iliyoiacha nafasi hiyo wazi ilimwachia msikilizaji aijaze, naye alikuwa na jibu tayari kutokana na mazoea ya maisha yake: misitu ya hifadhi ilikuwa na mabango, mipaka na askari. Kwa hiyo "Misitu ni Mali" ilisikika kama "Misitu ni mali ya serikali", na mali ya serikali katika miaka ile ya uhaba ilikuwa kitu cha kuchotwa kabla mwingine hajakichota. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyoweka bayana nafasi ya kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu. Kwa lugha ya uchambuzi huu, ilijaza kwa ibara za sheria kijalizo ambacho kauli mbiu ilikiacha wazi miaka 20 nyuma.

Mbona "Mtu ni Afya" ilitenda kazi?

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii liko dhahiri. "Mtu ni Afya" ya 1973 ina muundo uleule, nayo inahesabiwa miongoni mwa kampeni za elimu zilizofanikiwa sana barani Afrika. Watu takriban milioni 2 walishiriki katika vikundi vya usikilizaji kwa wiki 12, na vyoo vilichimbwa kwa idadi ambayo hakuna amri ya mkuu wa wilaya iliyowahi kuifikia. Kama "ni" ndiyo kasoro, kasoro hiyo haikuonekana hapo.

Jibu limo katika nomino. "Afya" haiuzwi, haibebwi, na haiwezi kuwa ya mwingine. Isitoshe, mlinganyo wenyewe ni wa ajabu. Kwa fasili ya kawaida mtu ana afya, au yu katika afya. Hasemwi kuwa ni afya. Ukiukaji huu mdogo wa semantiki unamlazimisha msikilizaji kusimama na kuuliza, na katika kikundi kilichoketi mbele ya redio chini ya mwembe, swali hilo lilikuwa na mahali pa kwenda. "Chakula ni Uhai", kwa kulinganisha, haikumuuliza mtu chochote, kwa kuwa hakuna anayeishi bila kula. "Misitu ni Mali" ilikubaliwa upesi mno, na kauli inayokubaliwa upesi haina haja ya kujadiliwa.

Kuna tofauti nyingine iliyo nje ya kauli yenyewe. Kikundi cha "Mtu ni Afya" kilimalizia kila kikao kwa uamuzi wa kutenda jambo lililokuwa ndani ya mamlaka ya kaya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufukia madimbwi. Mazungumzo yalikuwa na mwisho wa vitenzi. Mkulima wa tumbaku aliyejadili misitu hakuwa na kitenzi cha namna hiyo. Pembejeo alizokopeshwa, bei ya majani makavu na kiasi cha kuni ambacho bani lilidai havikuwa vya kuamuliwa kikundini. Mhakiki wa lugha hana budi kukiri hapa mpaka wa somo lake: hakuna kauli mbiu, hata ingetungwa kwa ustadi gani, ambayo ingelipunguzia bani kuni. Lakini kauli ingeweza angalau kutaja bani. Haikulitaja, na kwa kutolitaja ilihamishia lawama kwa msikilizaji asiyejua thamani.

Ushahidi kwamba mazungumzo, na si tangazo, ndiyo yanayobadili mwenendo unapatikana pia katika tamthilia ya redio Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuirusha, ili eneo hilo liwe la kulinganishia. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, walibaini kwamba katika maeneo yaliyosikiliza, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kuliko Dodoma, na kwamba majadiliano kati ya wenzi na kati ya marafiki yalikuwa sehemu muhimu ya mabadiliko hayo. Kwa mhakiki, mhusika wa kutazamwa ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi kila kituo, ambaye hatimaye huambukizwa UKIMWI, na mkewe Tunu, anayejifunza kujitegemea. Mkwaju ni mtu wa misafara aliyebadilishiwa chombo. Hakuna kauli inayomfasili. Wasikilizaji walimjadili kwa jina lake kama jirani yao, na mjadala huo ulianza na kitendo cha mtu, haukuanza na sifa ya kitu.

Yafaa pia kumkumbuka kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara kwa bendera na ngoma. Jina lake ni ndugu wa karibu wa "kiongozi", na tangazo lake la safari lilikuwa na kila ambacho kauli mbiu inakosa: nani anaondoka, lini, kuelekea wapi. Stephen Rockel, katika utafiti wake juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi waliojua kupatana ujira na kugoma. Kirangozi alisema na watu walioweza kutua mizigo, na alichagua maneno yake akijua hivyo.

Kata, panda, acha

Kauli mbiu iliyorithi nafasi ya "Misitu ni Mali" katika masikio ya wengi ni "Kata mti, panda mti", pamoja na sura yake ya ukarimu, "Kata mti, panda miti". Hapa vitenzi vimerudi, na nafsi ya pili imerudi pamoja navyo. Kisarufi ni hatua mbele. Lakini amri ya kwanza, "kata", haina maana ya amri. Ni sharti lililofichwa, "ukikata", kama ilivyo katika semi nyingi za Kiswahili zenye amri mbili zinazofuatana. Kwa kuwa sharti limevaa umbo la amri, kauli inaanza kwa kutoa ruhusa, na ruhusa hiyo inalipwa kwa mche.

Kwa miombo, malipo hayo si sawa na deni. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mche unaogawiwa mkulima wa tumbaku mara nyingi ni wa mkaratusi, mti wenye faida yake kama kuni, ila haurudishi msitu uliokatwa wala ua la nyuki. Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanaijua tofauti hiyo, kwa kuwa mizinga yao hutundikwa miomboni na asali yao hutoka huko. Na jambo ambalo kauli hiyo haina namna ya kulisema ni hili: miombo iliyokatwa huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, mradi isichomwe moto na isilimwe tena. Kitenzi kinachohitajika zaidi ni "acha". Kampeni za misitu zimekiogopa kitenzi hicho, labda kwa sababu anayeacha hapigwi picha. Anayepanda hupigwa, tena akiwa na mgeni rasmi.

Jirani wa kaskazini, Shinyanga, alikuwa na nomino ya kitenzi hicho. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti irudi, kisha kufunguliwa kwa malisho wakati wa kiangazi. Desturi hii ya Wasukuma ilidhoofishwa na uhamishaji wa watu katika Operesheni Vijiji, na ikafufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Katika muda usiozidi miaka 20 eneo la ngitili lilikua kutoka takriban hekta 600 zilizosalia hadi zaidi ya hekta 300,000. Sababu ni nyingi na wanamisitu wamezieleza. Kwa mwanaisimu, jambo la kutazama ni kwamba mradi haukutunga neno. Ulilichukua neno ambalo tayari lilikuwa na mmiliki: ngitili ni ya kaya fulani au ya kijiji fulani, na anayeiingilia hujibu mbele ya dagashida, baraza la wenyeji. Ujumbe, sheria na mwenye mali vilikuwa vimekwisha kukaa ndani ya nomino moja.

"Kisiki Hai" ni jaribio la kufikia jambo hilohilo kwa Kiswahili. Jina hili limetumiwa Dodoma tangu 2018 na LEAD Foundation ya Mpwapwa kwa kushirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, kwa njia ya kuchagua machipukizi yanayotoka kwenye kisiki, kupogoa mengine, kuyawekea alama na kuyalinda. Si sentensi. Ni kirai nomino chenye kivumishi kinachokinzana na nomino yake. Katika Kiswahili kisiki ni kilichobaki baada ya kifo cha mti: watu hujikwaa humo, na mtu mgumu huitwa kisiki cha mpingo. Katika mashamba ya Urambo kisiki kilikuwa adui kamili. Mitambo ya mradi wa karanga ilivunjikia katika mizizi na visiki, na shamba zuri hadi leo ni lile lililong'olewa visiki. Kukiita kisiki kuwa hai ni kuligeuza jambo ambalo mkulima analo mbele ya jembe lake, tena ni kitu chake, ndani ya shamba lake, bila swali la mali ya nani. Ukinzani huo unadai maelezo, kama "Mtu ni Afya" ilivyodai, na maelezo yanaishia katika kitendo ambacho kaya inaweza kukifanya kesho asubuhi kwa panga ililo nalo.

Udhaifu wa jina hili utaonekana litakapovuka kuelekea magharibi. Dodoma kisiki huchipua katika shamba la mtama ambalo halina haja ya kuni za bani. Katika Urambo na Kaliua chipukizi lililoachwa miaka mitano ni kuni zilizokaribia kufaa, na kisiki kilicho hai kitatazamwa kama akiba. Wasikilizaji wenyewe si wa lugha moja: Wanyamwezi, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na Waha waliofuata kazi za tumbaku, wote wanaelezwa kwa Kiswahili habari za miti wanayoiita kwa majina mengine nyumbani. Kinyamwezi na Kisukuma ni lugha za jamaa moja, lakini msamiati wa Kinyamwezi unaohusu sehemu ya msitu iliyoachwa, chipukizi lililochaguliwa na kuni zilizotengwa haujakusanywa na watunzi wa kampeni kama ulivyotumiwa ule wa Kisukuma. Mahali pa kuukusanya ni kwenye mabani wakati wa kukausha, ambapo mwenye tumbaku na mwenye kuni, mara nyingi watu wawili tofauti, hupatana bei ya mzigo wa mkokoteni na kuitaja miti mmoja mmoja kwa jina lake.